Makaa Ndani ya Nyumba ya Nyanya

Mimi ni Yasmina, nauza vitunguu na tangawizi katika soko la Gisenyi, na mdomo wangu hauna kufuli. Nasema mapema ili mtu asije akalalamika baadaye kwamba nimemvunjia heshima. Ninayetaka kumweleza ni Pulchérie, ambaye meza yake ya nyanya imegusana na yangu tangu tukiwa wasichana. Siku hizi watu wa Majengo, mtaa wetu wa Waswahili, wanamsalimia tena, wanamchekea, wanamuuliza habari za magoti yake. Nikiwaona natamani kuwarushia vitunguu.

Pulchérie alizaliwa Masisi, ng'ambo ya mpaka, Kongo, kwa watu wa ng'ombe. Alikuja huku akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, pamoja na wengi waliorudi Rwanda baada ya vita, sufuria kichwani na mdogo wake mkononi. Mdogo huyo alikua, akamzaa Umuhire, akafariki, na Pulchérie akamlea Umuhire kama aliyemtoa tumboni mwake. Mume alimpata na akampoteza. Wala hana maneno mengi juu ya hayo yote. Ukimuuliza habari za Masisi atakwambia maziwa ya kule yalikuwa mazito, basi, atarudi kupanga nyanya zake.

Na nyanya, jamani! Mimi nauza vitunguu kwa sababu vitunguu havihitaji kubembelezwa. Yeye alikuwa akizibembeleza. Alilima kashamba kake kule Nyamyumba, karibu na ziwa, akazibeba mwenyewe asubuhi, akazifuta moja moja kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Nilikuwa namtania kwamba marehemu mumewe hakuwahi kufutwa uso hivyo. Anacheka mpaka anashika mbavu, halafu anaendelea kufuta.

Kisha ikaja koperative, ushirika wa wakulima. Mradi mmoja uliwajengea wanachama nyumba ya plastiki juu kule Bugeshi, chini ya volkano, kwa kuwa ndiko kiwanja kilikopatikana. Bugeshi ni nchi ya viazi. Baridi yake inaingia mpaka kwenye meno, na nyanya ukiipanda nje itakaa imenuna hadi ife. Ndani ya plastiki, lakini, zilikubali. Pulchérie akauza kashamba kake ka Nyamyumba ili atoe mchango wa uanachama, akawa anapanda mlima alfajiri kwa zamu yake, na mimi namshikia meza. Msimu wa kwanza walivuna nyanya ngumu, nyekundu, zilizovuka mpaka wa Goma bila hata moja kupasuka.

Mwenyekiti wao ni Ngoga. Alikulia Karagwe, Tanzania, akarudi na jeshi, sasa amestaafu, na anaongea Kiswahili kilichonyooshwa kama suruali ya sare. Makamu wake ni Connie, aliyetoka Mbarara, Uganda, mwenye duka la mitumba. Sisemi ni watu wabaya. Ningefurahi wangekuwa wabaya, maana mtu mbaya unajua pa kumshika.

Kiangazi kilipoingia, mawingu yakaondoka na baridi ikazidi. Ngoga akaona huruma kwa nyanya. Akanunua mbabula, yale majiko ya makaa tunayopikia sote, akayapanga kwenye pembe za nyumba ya plastiki, akawa anayawasha jua likizama. Akashusha mapazia yote ya plastiki na kuyabana kwa mawe ili joto lisitoke. Makaa yenyewe yalikuwa ya bei rahisi, yenye unyevu, yanafuka zaidi ya kuwaka. Watu wakamsifu. Wakasema Ngoga ana akili ya kijeshi, hata mmea anaujali kama askari wake. Pulchérie akikuta moshi umejaa asubuhi alikuwa anakohoa, na akamwomba aache japo pazia moja wazi.

"Mama, joto litatoroka," Ngoga akamjibu. "Nyanya si mtu, haikohoi."

Baada ya siku chache nyanya zikaanza vituko. Majani yaliinama yote kuelekea chini, kama miavuli iliyofungwa, na udongo una maji ya kutosha. Hakuna doa, hakuna mdudu, hakuna ukungu. Maua yakawa manjano yakadondoka kabla ya kushika tunda. Matunda mabichi yaliyokuwapo yakakimbilia kuwa mekundu kabla hayajajaza. Wanachama walizunguka wakishika viuno. Pulchérie alipiga magoti kati ya mistari, akawa anainua jani kwa kidole, analiachia, linaanguka tena.

Mkutano ukaitishwa. Mimi si mwanachama, ila nilikuwa nimempelekea Pulchérie kofia ya sufi, nikakaa mlangoni. Connie akauliza ni nani anayeingia wa kwanza asubuhi. Kila mtu alijua. Akauliza tena ni nani anayeonekana na chupa. Hapo wakamtazama.

"Mi natiaka tu sabuni," Pulchérie akasema. "Ile ya kufulia nguo, juu ya vile vidudu vyeupe. Chupa ni hii. Nunusa!"

Akaipitisha. Naapa, wale watu walirudisha mikono nyuma kana kwamba amewapa nyoka. Chupa ya sabuni! Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akanong'ona, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike, kwamba watu wa Masisi wanajua dawa. Hakuna aliyemkemea. Na Ngoga, mwenyekiti, mtu mzima mwenye mvi, akajikohoza akasema methali.

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Simtuhumu mtu. Lakini mama apumzike kwanza, tuone."

Methali hiyo nimeichukia tangu siku ile. Lisemwalo lipo! Kwa hiyo mimi nikisema mwenyekiti ni mwizi, tayari ni mwizi? Nilisimama nikamuuliza hivyo hivyo, nikaambiwa mimi si mwanachama, nitoke.

Sasa, asiye wa huku anaweza kusema, ah, kusimamishwa tu, kitu gani. Hajui. Huku kwetu mtu akiitwa mulozi, mtia sumu, hakuna atakayempiga wala kumpeleka polisi. Watamwacha tu. Hawatakula kwake, hawatakunywa kwake, hawatampokea na chakula. Anakufa akiwa anatembea, na watu wanamwamkia. Hilo ndilo walilomtendea Pulchérie kwa methali moja, kisha wakafunga mkutano kwa sala.

Neno liliteremka mlima kabla yake. Wateja waliozoea meza yake wakawa wanasimama kwangu, wananunua kitunguu, wanauliza nyanya nzuri zinapatikana wapi, na yeye yuko hapo hapo, kiwiko chake kinagusa changu. Nilianza kuwajibu kwamba vitunguu vyangu pia vina sumu. Pulchérie akanikanyaga mguu chini ya meza. Hakutaka nipoteze riziki yangu kwa ajili yake, na hilo likanikasirisha zaidi.

Wiki hiyo Umuhire akajifungua. Mtoto wa kike, mzima. Desturi yetu ni kumpelekea mzazi uji na maziwa, aliye ndugu wa karibu atangulie. Nani wa karibu kuliko Pulchérie? Alisaga mtama mwenyewe, akapika uji, akaujaza thamosi, akavaa mushanana, lile vazi lake la kufunga begani la harusi za watu, akaenda. Mama mkwe wa Umuhire alimpokea getini. Hakumfungulia. Akasema mzazi amelala, akasema daktari amekataza uji, akasema asante kwa kufika. Pazia la dirishani lilitikisika, na Pulchérie akaona vidole vya Umuhire vimelishika.

Nilimkuta njiani anarudi, thamosi kifuani. Hakuwa analia. Laiti angelia.

"Yasmina, ule mutoto nilimulea na hii mikono," akasema. "Nilikuwa namutafunia nyama, meno yake haiyatoka. Leo anaogopa mi nitamuua?"

"Nipe thamosi."

"Ya nini?"

"Nipe!"

Nilikwenda kwenye lile geti nikaunywa uji ule wote nimesimama, huku nikigonga bati kwa ngumi na kuwaita majina ambayo imamu wangu asingependa kuyasikia. Majirani walitoka kutazama. Hakuna kilichobadilika. Walisema Yasmina ni wa Majengo, tumbo lake limezoea hata sumu. Uji ulikuwa mtamu, kwa taarifa yao.

Na huko Bugeshi, je? Pulchérie ameondoka, chupa imeondoka, sabuni imeondoka, na nyanya zinazidi kuinama. Mtu mwenye kichwa shingoni angejiuliza. Wao wakasema sumu imebaki kwenye udongo. Ngoga akaona zinateseka, maskini, akaongeza mbabula.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa agronome, mtaalamu wa kilimo wa sekta, binti anayeitwa Niyigena, mzaliwa wa Kanama. Ana sekta nzima ya viazi vya kushughulikia na pikipiki moja inayoharibika. Nilikaa mlangoni kwake na kikapu changu mpaka akachoka kuniruka. Alikubali kupanda nami jioni, kwa kuwa nilimwambia sitaondoka.

Ngoga alikuwa amemaliza kuwasha majiko na kubana mapazia. Niyigena aliinua plastiki, akaingia hatua chache, akarudi nje mbio akikohoa, macho yana machozi. Niliona sura yake inabadilika. Nilimpenda papo hapo, maana alikuwa amekasirika kama mimi.

"Nani aliwasha hii mbabula?" akauliza.

"Mimi," Ngoga akasema kwa fahari. "Kwa ajili ya baridi."

"Na nyumba imefungwa hivi? Afande, watu wanakufaka ndani ya moshi kama huu! Na nyanya zenu, bon, ndiyo hii inaziangusha. Hakuna sumu ya mutu hapa."

Wanachama waliokuwapo wakasogea. Niyigena akang'oa tawi moja akalishika mbele yao. Akasema ndani ya moshi wa makaa mabichi kuna hewa moja isiyoonekana, inaitwa etileni, na hewa hiyo mmea wenyewe huitengeneza, kidogo kidogo, ukiumia, ukizama majini, au tunda likiwa tayari kuiva. Ndiyo njia yake ya kujipa habari. Mmea hauna pua, lakini unaihisi, na hata kiasi kidogo mno kinautosha.

"Ndani ya jani iko vitu kidogo sana, tuseme ni bazamu, walinzi," akasema. "Kazi yao ni kukataza. Kila siku wanasema, bado. Bado kuzeeka, bado kuangusha maua. Ile hewa ikifika, inawashika, wananyamaza. Wakinyamaza, hakuna tena wa kukataza. Jani linainama, ua linaanguka, tunda linakimbia kuiva. Nyanya zenu zilipata habari kwamba wakati wao umeisha. Na habari ni ya uongo, mumeituma nyinyi na makaa yenu."

Connie akatikisa kichwa. Akasema yeye hajawahi kusikia moshi unaozungumza na nyanya.

Niyigena akamuuliza wanaivishaje ndizi za pombe nyumbani kwao. Huku kila mtu anajua. Unachimba shimo, unalitandika majani, unapanga ndizi mbichi, unafunika, unawasha moto pembeni na kuupeleka moshi ndani. Baada ya siku chache zimeiva zote. Na asiye na shimo anafunika ndizi mbichi pamoja na moja iliyoiva. Nimeyaona tangu utotoni, na wale walioketi kwenye mkutano ule wameyafanya kwa mikono yao maisha yao yote. Walijua moshi unaivisha! Walijua tunda moja linaamsha mengine bila kuguswa na mtu. Lakini siku ya kutafuta mkosaji, elimu yote hiyo waliiacha mlangoni na viatu, wakamtafuta mama wa Masisi mwenye chupa.

Ngoga bado hakutaka. Basi Niyigena akataka miche miwili ya nyanya kwenye makopo, yenye afya, iliyotoka nje ya nyumba ile. Kila mmoja akauingiza ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki. Kwenye mmoja akaweka ndizi zilizoiva vizuri, kwenye mwingine mawe. Akamwambia Ngoga aifunge mwenyewe, aifungie ofisini mwenyewe, na ufunguo alale nao mwenyewe.

Nilirudi kesho yake jioni pamoja na Pulchérie. Nilimburuta, kusema kweli. Ngoga akafungua kufuli mbele ya watu. Mche wa mawe ulisimama kama ulivyoachwa. Mche wa ndizi ulikuwa umeinamisha majani yake yote, vile vile, kama miavuli iliyofungwa. Hakuna aliyeugusa ila Ngoga.

Nilingoja mtu aseme neno. Mama yule aliyenong'ona kuhusu Masisi akaangalia viatu vyake. Connie akasema ni maajabu ya Mungu. Ngoga akasema, "Basi, tumeelimika," akaamuru mbabula zitolewe, mapazia yafunguliwe mchana, na usiku zitandikwe nyasi kavu chini ya nyanya. Tumeelimika! Pulchérie amesimama pale na kofia yake ya sufi, na hakuna hata mmoja aliyelitaja jina lake. Alinivuta mkono tukateremka.

Majani hayakuchelewa. Hewa ilipopata kutoka, yakaanza kuinuka, na baadaye maua mapya yakashika. Niyigena alikuwa amesema hivyo, kwamba habari ikikoma walinzi wanarudi kazini. Niliuliza watu wa Majengo wanahitaji nyasi kiasi gani chini yao ili nao warudi.

Kisha wakagundua hawana mtu wa kuzifunga zile nyanya kwenye kamba bila kuvunja shina. Ndipo Ngoga na Connie wakaja kwa Pulchérie, Jumapili baada ya misa, kwa pikipiki mbili. Nilikuwa nimekaa naye uani, tunachambua maharage. Nilitaka kuondoka, Pulchérie akanishika sketi.

Ngoga alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema moshi ulikuwa wake, kosa lilikuwa lake, wanachama wanamwomba mama arudi, na yaliyopita si ndwele. Connie akasema "sorry" mara nyingi. Pulchérie aliwasikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na bushera, kinywaji chetu cha mtama kisicholevya, ndani ya kikombe kikubwa cha kushirikiana.

Huku anayempa mgeni kinywaji hutangulia kuonja. Anapiga funda moja mbele ya mgeni, kisha anampa, ili ijulikane kikombe ni safi. Hata mtoto mdogo anafanya hivyo bila kufikiri. Pulchérie hakuonja. Alikinyoosha kikombe kikiwa kimejaa hadi ukingoni, akamwelekezea Ngoga.

Ngoga alikipokea. Akasubiri. Akamtazama, akatazama kikombe.

"Mama, umesahau kuonja," akasema, akicheka kidogo.

"Sikusahau. Leo sionji."

"Lakini ni desturi."

"Ufunguo ulilala na wewe, afande. Ulifungua wewe. Uliona na macho yako, na hapa umesema umeamini. Basi kunywa."

Connie aligeuka kutazama pikipiki. Ngoga ni mtu aliyepigana vita, ana kovu la risasi begani, na sasa alikuwa anaiogopa bushera ya mama muuza nyanya. Alikiinua kikombe. Akakiweka mdomoni. Akakishusha, akajifuta midomo kwa kiganja, akasema, "Asante, ni tamu."

Kikombe kilikuwa bado kimejaa hadi ukingoni. Niliona mimi, akaona Pulchérie, akaona na yeye kwamba tumeona. Nilifungua mdomo wangu, na Pulchérie akanikanyaga mguu.

Alikichukua kikombe mikononi mwa Ngoga, akasimama wima, akanywa mbele yao bila kupumzika mpaka mwisho. Shingo yake ilikuwa inapanda na kushuka, nao wameketi wanatazama.

"Muende kwa koperative," akasema alipomaliza. "Museme Pulchérie atarudi, juu nyanya hazikunikosea kitu. Na museme pia nani alikunywa hii bushera."

Waliondoka bila kuaga vizuri. Pulchérie hakuwasindikiza hata hatua moja, yeye ambaye humsindikiza hata mkusanya kodi. Alikwenda bombani na kile kikombe, akakisugua kwa majivu na sabuni, hasa pale mdomo wa Ngoga ulipogusa, akasuuza, akasugua tena.